Mimba ya Shoka

Asubuhi Shoka alipolikimbia bucha lake mwenyewe, kila kitu kilikuwa mahali pake. Nusu ya ng'ombe ilikuwa imeshapanda kwenye ndoano, gogo limekwanguliwa na kumwagiwa maji ya moto, mizani imefutwa, na wateja wa kwanza wamejipanga dirishani wakichagua kwa macho. Shoka akalisogelea paja la nyuma kama alivyofanya miaka yote tangu aache shule. Akavuta pumzi, akasimama. Kisha akaweka kisu chini taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Yaliyoendelea huko nyuma hakuna aliyeyaona, lakini waliyasikia wote.

"Jamani," alisema mama muuza maharage wa kibanda cha jirani, "huyo ni Shoka au ni pampu ya maji?"

Shoka aliporudi alikuwa amenawa uso na kuuvika ule mkunjo wake wa kazi. "Malaria," alisema.

"Malaria gani hiyo inayokusubiri ufike kwenye nyama?"

Jina la Shoka hakupewa na wazazi wake. Alipewa na soko, kwa sababu alipasua mfupa wa paja kwa pigo moja, na kwa sababu watu hupenda kusema "mwanamume wa shoka", na yeye shoka alikuwa nalo mkononi. Jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Sasa kwa wiki ya tatu mfululizo mwanamume wa shoka alikuwa akikata nyama ameziba pumzi kama mpiga mbizi, na leo pumzi ilikuwa imekataa. Akafunga dirisha mapema, akasingizia umeme.

Nyumbani alimkuta mkewe barazani mbele ya cherehani, mguu mmoja kwenye kikanyagio, sahani ya maini ya kukaanga juu ya kitambaa cha mtu. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya kwanza, na kama mimba ni ugonjwa basi yeye hakuambiwa. Alilala vizuri, alikula vizuri, na mashavu yalikuwa yameanza kung'aa. Shoka aliyaona yale maini akageuza uso ukutani.

"Umetapika tena," mkewe alisema.

"Nimetema mate."

"Mate ya aina gani yanayosikika kibanda cha pili? Muuza maharage ameshanipigia simu." Akainuka, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. "Na huu weupe mdomoni ni wa nini?"

"Vumbi."

"Vumbi! Mimi nazunguka nyumba nzima natafuta chaki zangu za kuchorea vitambaa, nadhani panya wamehamia, kumbe panya nimeolewa naye! Unakula chaki, mume wangu?"

Shoka alitaka kukana, lakini kipande kilikuwa bado shavuni. Akakimeza. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla, kwa sababu aliyaona macho ya mumewe, na macho yale yalikuwa ya mtu mwenye hofu kweli.

"Twende kliniki wote," alisema. "Zamu yangu ni kesho."

* * *

Nesi alikuwa mwanamke mpana, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, na aliuliza maswali bila kuinua kichwa, maana kwa wingi wa wajawazito wa siku hiyo majibu alishayajua.

"Kichefuchefu?"

"Kipo," alisema Shoka.

"Nimemuuliza mama."

"Mimi sina," alisema mkewe.

"Asubuhi, kizunguzungu?"

"Kidogo," alisema Shoka, kabla hajajizuia.

"Kutamani vitu? Udongo, majivu, chaki, ndimu?"

Mke akatazama dari. Shoka akaufunika mfuko wa suruali kwa kiganja, na mfuko huo ulikuwa umevimba mviringo wa ndimu. Nesi akaweka kalamu chini na kuvaa miwani. Akamtazama huyu baba mwenye mabega kama mlango wa ghala.

"Baba," alisema, "hii mimba mmegawana vipi?"

Shoka akainuka aondoke. Mkewe akamvuta shati, akakaa.

"Kaa, usione haya," alisema nesi. "Si wewe wa kwanza kuingia humu, tofauti ni kwamba wenzako husema wamekula mayai mabovu. Watu wanadhani mwili wa mwanamke hubadilika kila saa na wa mwanamume ni tofali. Si kweli. Wataalamu wamepima damu za waume wa wajawazito, wakakuta kwa baadhi yao homoni zinapanda na kushuka. Si wote, na si kwa kiasi cha mama. Wengine wanasema ni hofu tu ya kuitwa baba. Sababu yenyewe hawajakubaliana bado. Ila kutapika kwako ni kutapika kweli, huigizi."

"Sasa dawa yake?"

"Kuzaa."

"Azae nani?"

"Yeye," nesi alisema, na hapo ndipo aliposhindwa kuzuia kicheko. "Wewe utapona tu."

Njiani kurudi, walipofika kwenye kona ambako watu walikuwa wachache, Shoka alimshika mkewe mkono. "Hili lisitoke kwetu. Kwa lolote. Niapie."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Afadhali kifo kuliko soko! Na Kaka je? Kaka akisikia, bucha limekwenda."

Hapo mkewe hakucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Bucha lilikuwa la marehemu baba yao, Shoka na kaka yake, na funguo zake alizigawa mama yao kwa hiari yake. Alimpa Shoka kwa sababu Shoka ndiye aliyekuwa na mkono. Kaka mtu, dalali wa ng'ombe, mwenye sauti ya kuuzia fahali wawili kwa wakati mmoja, alikuwa akilimezea mate bucha lile tangu baba azikwe, na alichokuwa anangoja ni sababu tu. Muuza nyama anayetapika akiona nyama ni sababu nzuri sana.

"Haya, naapa," alisema mkewe. "Na kukata nitakata mimi."

"Wewe?"

"Kwani kitambaa hakina nyuzi? Ukikikata vibaya hakinyooki. Na nyama ina nyuzi vilevile. Wewe simama dirishani, upime na upokee maneno ya watu. Mimi niache na gogo."

* * *

Siku tatu za kwanza zilikuwa za aibu. Shoka alikaa dirishani, ndimu iliyokatwa imefichwa ndani ya leso, mgongo ameipa nyama. Nyuma yake mkewe alifunga kitambaa kichwani, akaamuru shoka lisiguswe kwanza, akaanza na kisu. Alikuwa mwepesi. Mifupa mikubwa walipasua pamoja, yeye akiielekeza na Shoka akipiga pigo moja amefumba macho na kuziba pua, kisha mbio kurudi dirishani kupata hewa.

Soko halikukaa kimya. Soko lini lilikaa kimya?

"Mwanamke akishika gogo nyama inachacha," alisema mzee fundi saa, mteja wa kila Jumamosi. "Mikono yao ina joto. Ni sayansi hiyo."

"Sayansi ya wapi?" alidakia muuza maharage. "Mume wangu mimi nikimgusa mgongo usiku anaruka kama amemwagiwa barafu. Mikono yenye joto ni yenu nyinyi. Kama ni kuchacha, nyama ingeshachacha zamani za Shoka."

"Na mjamzito akitazama damu, mtoto huzaliwa na alama nyekundu."

"Basi mke wa mpaka rangi angezaa mtoto wa madoadoa. Pokea nyama yako, mzee, unatuzibia njia."

Mzee alipokea. Na wiki iliyofuata alirudi, akajikohoza, akauliza kwa sauti ya chini kama ile nyama ya juzi inaweza kukatwa vilevile tena. Maana mke wa Shoka alikuwa na tabia ambayo mumewe hakuwahi kuwa nayo: alimuuliza mtu, "Unachemsha au unakaanga?" na akakata kulingana na jibu, akivuka nyuzi za mnofu badala ya kuzifuata, hata nyama ya ng'ombe mzee ikawa inatafunika. Wazee wenye meno machache wakaanza kuja kutoka mtaa wa pili.

Shoka alifurahi, na iliuma. Tuseme ukweli, iliuma sana. Watu walikuwa wanapita mbele ya uso wake wakichungulia nyuma ya bega lake: "Shemeji yupo? Mwambie anikatie kama jana." Walipomuuliza yeye anaumwa nini, alisema vidonda vya tumbo. Kesho yake akasema mgongo. Keshokutwa muuza maharage akamkumbusha kwamba juzi ilikuwa tumbo, akasema vidonda vimehamia mgongoni. Kila akirudi nyumbani alilala chali akimsikiliza mkewe anavyoimba akichapa cherehani, maana kazi yake ya zamani hakuiacha, na akajiuliza Mungu alichanganya faili gani siku ile.

Basi Kaka akaja. Alikuja kuleta ng'ombe, akapita mlango wa nyuma bila kubisha, kama alivyozoea, na kuwakuta: mke kwenye gogo, kisu mkononi, tumbo limeanza kuchomoza chini ya aproni, mume dirishani, pua ndani ya leso.

"Ahaa," alisema. Neno moja tu, halafu akaondoka. Dalali anayeondoka bila kupiga kelele, ujue ameshapata bei.

* * *

Kikao kilikuwa Jumapili, sebuleni kwa mama. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, bakuli mapajani, akiambua maharage mabichi. Mkono wake haukusimama tangu walipoingia.

Kaka alikuwa amejiandaa. Alisimama.

"Mama, mimi si mtu wa maneno mengi," alianza, na wote waliomjua wakajua itakuwa ndefu. "Bucha la baba leo linakatiwa nyama na mjamzito. Mwenye bucha amekaa dirishani ananusa leso kama bibi harusi. Nikiuliza soko, huyu anasema malaria, yule tumbo, yule mgongo. Mtu mwenye magonjwa matatu na hana hata kidonge kimoja! Mimi nasema huyu mdogo wangu hana ugonjwa. Amelishwa kitu."

"Amelishwa nini?" mama aliuliza.

"Limbwata, mama! Ile dawa yao ya kuwafanya waume mazezeta. Mume anakaa, mke anashika shoka. Umeona wapi? Mwanamke kaumbiwa vyake na mwanamume vyake. Ushauri wangu ni huu: shemeji aende kwao akapumzike mpaka ajifungue, huyu atafutiwe tiba, na funguo nizishike mimi. Kwa muda tu."

"Kwa muda tu," mama alirudia. Akaambua ganda lingine. "Mwanangu, unasemaje?"

Hakusema na Kaka. Alisema na mkwewe. Mke wa Shoka alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono imelala juu ya tumbo. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na plasta, na cha kati nacho kilikuwa na plasta. 

"Mimi sina la kusema, mama," alisema.

Shoka akamtazama. Alijua kwamba analo. Alikuwa nalo zima, mpaka jina la nesi, na sentensi moja tu ingemtoa kwenye uchawi anaosingiziwa mbele ya mama mkwe. Lakini alikuwa ameapa barabarani kwenye kona, na alikuwa tayari kufungasha nguo zake na kwenda kwao na jina bovu kuliko kuvunja kiapo kile. Shoka akainuka.

"Ni mimba," alisema.

"Tunaiona," alisema Kaka. "Hatuna upofu."

"Mimba yake yeye. Lakini ninayetapika ni mimi." Akaona bora amalize yote kwa mara moja, kama anavyopasua mfupa. "Kichefuchefu ni changu, kizunguzungu changu, usingizi wa mchana wangu. Nanusa ndimu kwa sababu nisiponusa nitatapikia wateja. Nimekula chaki zake za kushonea, boksi zima. Tumekwenda kliniki, nesi amesema huwa inatokea. Hajanilisha kitu. Amekata nyama yangu ili mimi nisiaibike, nami nimemwacha atukanwe. Basi."

Kaka akacheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akashika goti.

"Chaki! Mama, amekula chaki! Mwanamume wa shoka! Ee Mungu wangu, baba angekuwapo! Baba aliyepigwa teke la mdomo na fahali, meno matatu yakaruka, na jioni ile ile akakaa akala mbavu! Huyo ndiye mwanamume! Leo mwanawe ana mimba!"

Mkono wa mama ukasimama juu ya bakuli.

"Habari ya fahali alikupa nani?"

"Baba mwenyewe. Kila mtu anaijua."

"Hakukuwa na fahali."

Kaka akafuta machozi ya kicheko. "Vipi hakukuwa na fahali?"

"Nilipokuwa na mimba yako wewe," mama alisema, "mimi nilikuwa mzima kama huyu mkwe wangu. Baba yako ndiye aliyeshikwa na meno. Analia usiku, anafunga taya kwa kanga yangu. Akaenda akang'olewa moja, maumivu yakahamia la pili. Akang'oa la pili, yakahamia la tatu. Daktari akamwambia, mzee, meno yako hayana kitu, mimi nitakumalizia kinywa bure. Siku uliyozaliwa wewe maumivu yakakatika, kama taa iliyozimwa. Akanishika miguu nisimwambie mtu. Fahali tulimtunga pamoja, jioni, tukicheka."

Kaka alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, mdomo wazi, na meno yake mwenyewe, mazuri, yote yakionekana.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "fahali ni mimi."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa Shoka. Alijaribu kuziba mdomo kwa kiganja chenye plasta, ikashindikana. Akafuata mama, akafuata Shoka, na mwisho, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda, akacheka na fahali mwenyewe.

"Na hizo mbavu za jioni," mama alisema alipopata pumzi, "mnadhani zilikatwa na nani? Mtu ana taya limefungwa kanga, atapasua mfupa? Nilisimama kwenye lile gogo na tumbo langu mpaka mwezi wa nane. Wakasema nyama itachacha. Wakaila." Akarudi kwenye maharage yake. "Funguo zibaki zilipo. Na wewe, mkubwa, kabla hujatoka muombe shemeji yako radhi."

Kaka aliomba radhi. Hakuomba vizuri, maana hakuwa na mazoezi, lakini aliomba.

* * *

Ikawa, miezi ya katikati, kichefuchefu kikampungukia Shoka, akarudi kwenye gogo na leso yake puani, akikata kwa kuvuka nyuzi kama alivyofundishwa, na mkewe akahamia dirishani kwa sababu tumbo lilikuwa halimruhusu tena kufikia gogo. Uchungu ulimshika hapo hapo dirishani, mchana kweupe, akimfungia fundi saa nyama yake. Alisema, "Ya kuchemsha, eh?" kisha akashika mizani kwa mikono miwili. Nyuma yake Shoka naye akajikunja, akishika tumbo. Muuza maharage akasimama katikati yao hajui amshike nani.

Gari la karibu lilikuwa la Kaka, lile la kubebea ng'ombe. Walikwenda nalo, wakampitia mama njiani.

Kwenye mlango wa hospitali mlinzi alimpitisha mke na mama mkwe, akashusha mkono wake kama kizuizi mbele ya wanaume. "Hii ni wodi ya wazazi. Wanaume mwisho hapo kwenye benchi."

Walikaa kwenye benchi. Shoka na aproni yake ya damu, akiguna kila baada ya muda, Kaka akimpigapiga mgongoni bila kujua apige kwa nguvu kiasi gani. Watu waliopita waliitazama ile aproni wakaharakisha. Jua lilikuwa limeanza kulegea pale mguno ulipokatika katikati. Shoka akanyooka. Akajigusa tumbo, hakuna kitu. Akanusa hewa.

"Kaka," alisema, "nina njaa. Nataka nyama."

Na mlango wa ndani ukafunguka, nesi yule mpana wa kliniki, aliyekuwa zamuni siku hiyo, akatoa kichwa. "Amejifungua salama. Mtoto wa kike. Anamwita mzazi mwenzake!" Akarudi ndani kabla mlinzi hajauliza swali.

Mlinzi akawatazama hawa wawili, mmoja ana harufu ya ng'ombe, mwingine ana damu ya ng'ombe. "Wodi ya wazazi wanaingia wazazi tu," alisema tena, kwa sababu ndiyo sentensi aliyopewa. "Mzazi hapa ni nani?"

Shoka aliinuka, lakini sauti haikumtoka, alikuwa analia. Kaka ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ya mnadani, iliyofika mpaka kitanda cha mwisho.

"Mzazi ni huyu hapa! Mimi ni baba mkubwa tu. Ungemwona alivyoibeba mimba hii, ndugu yangu, kwa kichefuchefu, kwa chaki, kwa kizunguzungu, hata leo uchungu ameshikwa nao kwenye benchi lako! Mfungulie mzazi apite."

Mlinzi aliangalia huku na huku, akaona hana mtu wa kumuuliza, akauondoa mkono. Huko ndani wanawake walikuwa wameshasikia yote, vicheko vinaruka kutoka kitanda hadi kitanda. Shoka alivua aproni, akamkabidhi kaka yake. Akapangusa uso kwa kiganja, akaingia.

"Hamjambo humu," alisema, "wazazi wenzangu?"